Bima ya treni zako ndogo nyumbani: ipi ukate, ipi uikimbie

Meseji zimekuwa nyingi mno siku hizi na karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu kakata bima, kalipa kila mwaka bila kuchelewa, bomba likapasuka likalowesha kabati la treni ndogo, hizi modeli tunazokusanya, halafu kampuni inamlipa hela ya kichwa kimoja cha treni tu. Moto na wizi sitavigusa, maana hata bima ya hovyo inavyo. Mimi nataka tuongee seti, na nitaongea hadi mnichoke.

Chukua seti ya kichwa na mabehewa matano, imetoka kiwandani pamoja, boksi moja, namba moja. Maji yameingia kwenye kichwa, mota imekufa, mabehewa yako salama. Bima nyingi zina kipengele kwamba seti ikiharibika kipande, kinacholipwa ni hicho kipande peke yake. Haya, hayo matano yaliyobaki nani atayataka bila kichwa chake? Bei imeshaporomoka na huo upungufu unabaki wako. Boksi ndo kabisa, likilowa likavimba na ile trei ya ndani ikapasuka, mkaguzi wa bima anaona takataka, wakati mkusanyaji yeyote anajua treni isiyo na boksi lake la asili inauzwaje. Kwa hiyo kabla hujauliza bei muulize wakala: seti na maboksi mnalipaje? Akibabaika, aga.

Namba moja kwangu, wala sipepesi macho, ni bima maalumu ya mikusanyo yenye thamani mliyokubaliana. Mnaandika kila kitu na thamani yake, likitokea la kutokea kikapotea unalipwa hiyo, hakuna cha "hii ya zamani imechakaa", treni nyingine uzamani wenyewe ndo unazipandisha bei jamani! Tafuta inayobeba na kuanguka, maana kichwa kikiacha reli kikadondoka toka mezani, pantografu (ule mkono wa juu ya paa unaogusa waya) ikapinda na hook ya kuungia mabehewa ikakatika, bima nyingi za nyumbani zitakutazama tu. Na kama unapeleka maonyesho, hakikisha inakufuata huko. Mwaka 2019 pale Stamford, Uingereza, vijana waliingia usiku wakavunjavunja maonyesho ya klabu ya treni ndogo ya Market Deeping, kazi ya miaka mingi ikaenda chini, mpaka Rod Stewart mwanamuziki, naye mgonjwa wa treni ndogo, akachangia pauni 10,000. Wewe usimtegemee Rod Stewart.

Ya pili ni kuorodhesha treni zako kwenye bima ya vitu vya ndani. Inafaa ukiwa na vipande vichache vya hela ndefu. Shida ni kwamba kila ukinunua kipya inabidi uwaambie, na ukiandika thamani ndogo ili ulipe kidogo wanakukata kwa uwiano: umeandika nusu ya thamani halisi, basi hata hasara ndogo wanaweza kukulipa nusu yake.

Ya tatu ni bima ya kawaida ya nyumba ilivyo. Rahisi, ina kikomo kwa kila kitu, inatosha kwa seti ya mtoto anayeanza. Tuendelee.

Mimi ni mtu wa Märklin, watengenezaji wa treni ndogo wa Ujerumani, na sifichi, watu wa kampuni nyingine kama Hornby na Lionel mtanisamehe. Kampuni ipo tangu 1859, soko lake la mitumba ni kubwa, na namba ya bidhaa iko kwenye boksi, ukiiandika kwenye orodha hakuna ubishi tunaongelea modeli ipi. Ila kwa vichwa vya zamani vya zamaki (chuma cha mchanganyiko wa zinki), vya kampuni yoyote hata hao wangu, jua kitu kimoja: zinki ikiwa imechanganyika na madini ya risasi kiwandani, miaka ikipita bodi inavimba na kupasuka yenyewe, na bima itakwambia hiyo ni kasoro ya kitu chenyewe. Hulipwi.

Sasa hawa mawakala. Wakati wa kukuuzia, "kila kitu kimo bosi", siku ya kudai unaulizwa kwani si ni midoli tu hii? Na ada inapanda hata kama hujawahi kudai chochote. Mimi siku hizi jibu la simu silitaki, lile swali la seti na maboksi nalituma kwa imeili na hela haitoki mpaka nijibiwe kwa maandishi, wakala mmoja alininunia, na anune.