Saanane: nyota nne, na ile ya tano tumenyimwa sisi watu wa Mwanza

Kisiwa cha Saanane, hifadhi yetu ya taifa hapa Mwanza, kipo pale mbele ya Capri Point, ukiwa umekaa juu ya mawe unakula mahindi ya kuchoma unakiona chote, boti yenyewe ni ya dakika chache, ila ukiuliza watu wa Buhongwa au Igoma nani amewahi kukanyaga wanakucheka, wanakwambia kile ni cha wazungu na watoto wa shule. Basi hii rivyu ni kwa ajili yenu hasa, watalii wana vitabu vyao.

Nilienda na shemeji yangu, mume wa dada, wanaishi Miami huko Marekani, walikuja likizo na mtoto wao. Malipo ni kwa kontroo namba, unalipia kwenye simu yako, hela mkononi hawataki. Beba kitambulisho cha NIDA upate bei ya Mtanzania, maana tofauti yake na bei ya mgeni ni kubwa kwelikweli. Mpwa wangu kazaliwa kule, ana pasi ya Marekani, ikabidi alipiwe kama mgeni, Msukuma mzima kwa baba na mama anaingia kisiwa cha bibi zake kwa dola, mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Tulilipa tu, sheria ndio ilivyo.

Huduma ya boti safi, jaketi okoa kila mtu anavaa hata ukisema wewe ni mtoto wa Ukerewe umezaliwa majini, na hapo nawapongeza sana kwa sababu mkoa huu umezika watu wengi wa MV Bukoba, ile meli iliyozama mwaka 1996, hatuna haja ya ushujaa wa ziwani. Mkishuka mnapewa mhifadhi anatembea na nyie. Kuna swala pala, kuna tumbili, pimbi wamejaa kwenye mawe wanakuangalia kama wewe ndio umeingia sebuleni kwao, kenge nao wanakatiza tu. Kuogelea sahau, mamba wapo, na hata wasingekuwepo ziwa letu lina kichocho. Ila juu ya yale mawe upepo wake na mji unavyoonekana, aisee, vaa raba usivae malapa, dada yangu alivaa malapa akaishia kuyabeba mkononi.

Sasa kilichonifanya niandike. Mhifadhi alianza na historia ya kisiwa, kwamba kilikuwa cha mzee mmoja, Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, alikuwa na maisha yake pale kabisa, mwaka 1964 serikali ikakichukua ikamlipa fidia akahamia nchi kavu, pakawa bustani ya wanyama, na wanyama wengine walipitia hapo kabla ya kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Mwaka 1991 likawa pori la akiba, 2013 ikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 na hapo maji yamehesabiwa. Shemeji akauliza, kwa hiyo jina la mzee walilibakiza? Mhifadhi akasema ndio, jina ni lake. Shemeji akatikisa kichwa akasema kwetu kule tungekuwa tumeshapaita jina la kampuni ya simu.

Ndio akaanza kutueleza habari ya ufukwe mmoja anaoenda na familia, unaitwa Virginia Key Beach, nao uko kisiwani mkabala na mji, tumekaa kwenye jiwe mama anamenya machungwa. Enzi zile Miami mtu mweusi haruhusiwi kuogelea fukwe za umma, bahari yote ile inapiga mlangoni kwako na huruhusiwi kulowesha mguu. Mei 1945 watu weusi wachache, wanaume kwa wanawake, wakaenda Haulover, ufukwe wa wazungu, wakaingia majini mchana kweupe, na mwanasheria wao Lawson Thomas akabaki ufukweni na hela ya dhamana mfukoni anasubiri wakamatwe ili kesi iende mahakamani. Hawakukamatwa. Wakubwa waliona kesi itawaletea balaa, wakaamua kuwapa ufukwe wao, Agosti 1 mwaka huohuo Virginia Key ikafunguliwa rasmi kwa ajili ya weusi tu. Daraja hakuna, mnavuka kwa boti, hadi 1947 ndio barabara ya juu ya maji ikafika. Na hapo mkondo wa maji ni mkali, yaani walipewa pale ambapo wazungu wenyewe hawakupataka.

Lakini watu wakapafanya pakawa pao. Jumapili wanabatizana baharini, kuna treni ndogo ya watoto, farasi wa kuzunguka, sehemu ya kucheza dansi, maharusi wanaenda huko fungate. Mama aliposikia ubatizo akasema hao ni kama sisi, maana na yeye alibatizwa ziwani.

Sehemu inayouma ni ya baadaye. Ubaguzi wa fukwe ulipovunjwa, karibu na 1960, watu wakawa huru kwenda popote, wakaenda kweli, Virginia Key ikapungua watu kidogokidogo. Mwaka 1982 kaunti ikaikabidhi kwa jiji kwa sharti ibaki kuwa bustani ya umma, na jiji likaifunga, likisema gharama ni kubwa. Geti likafungwa miaka na miaka, majengo yakaliwa na chumvi. Ilipofika 1999 kukawa na mipango ya kuwapa wawekezaji, wazee wakaamka, mbele yao mama mmoja mtu mzima, Athalie Range, mweusi wa kwanza kuwa kamishna wa jiji la Miami, wakaunda kikosi kazi, wakadai, ikaundwa bodi ya udhamini ya kuusimamia, 2002 ukaingizwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, 2008 geti likafunguliwa tena. Mama Range alifariki 2006, hakuiona siku hiyo. Na msidhani ikaishia hapo kwa furaha, Oktoba 2022 makamishna wa jiji walipiga kura wakajikabidhi wenyewe viti vya ile bodi, makelele yakawa makubwa, na yale makumbusho yaliyoahidiwa watu miaka yote hiyo shemeji anasema anayaona kwenye michoro tu.

Nikamuuliza sasa shem, wewe unaenda huko kufanya nini kama kuogelea ni kwa mashaka. Akasema naenda kuchoma nyama, na mtoto anasoma vibao.

Hilo jibu lilinikaa. Kwa sababu na sisi hapa tuna mambo yetu ya kusoma kwenye vibao. Miji yetu mkoloni aliigawa uzunguni, uhindini na uswahilini, wazee wetu wanajua ni wapi ulikuwa unapita ukiwa umebeba trei la mtu tu. TANU ilizuiwa kufanya kazi kanda hii ya ziwa kuanzia 1954 hadi 1958. Na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza la mchanganyiko wa rangi ambalo serikali ya mkoloni iliwaletea, maana waliona ni janja ya kuwapa wachache sauti kubwa kuliko wenye nchi, wakatoka huko wakaja hapa Mwanza wakapiga kambi kutaka kuonana na mkuu wa jimbo, mpaka polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hapahapa Mwanza! Nimesoma shule za mji huu toka chekechea na nililisikia hilo kwa babu siyo darasani, na kibao chake sijawahi kukutana nacho mahali popote nilipopita.

Mpwa wangu wa miaka kumi anaijua tarehe ambayo mtu mweusi aliruhusiwa kuogelea Miami. Watoto wangu ukiwauliza Mwanza kulitokea nini watakwambia Rock City Mall ilifunguliwa.

Ndio maana sina ugomvi na Saanane, mhifadhi wetu alihadithia vizuri, alijibu maswali ya mama moja baada ya jingine bila kuangalia saa, na hata habari ya fidia hakuiruka. Mazingira masafi, plastiki hamna kabisa, siyo tu ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, hata vifuniko vya chupa sikuviona, na ukitaka kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani nenda mwaloni siku ya mvua uone kinachoelea. Nyota nne ni zao kihalali.

Ile ya tano tumejinyima wenyewe, kwa kutokwenda. Eneo la umma ambalo wenye mji hawalitumii, siku akija mtu na michoro ya hoteli nani atasimama? Virginia Key haikufungwa kwa sababu kuna mtu aliichukia, ilifungwa kipindi ambacho waliokuwa wanaipenda walikuwa wameshazoea fukwe zingine. Halafu huku kwetu ukingo wa ziwa unakwisha tukiangalia, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kwenye maji lakini zunguka uone kuta. Kuna bichi moja upande wa Ilemela, jina naliacha, tulikuwa tunaenda bure toka tukiwa wadogo, sasa hivi kuna geti, kuna mlinzi, na ukiingia lazima ununue kinywaji kwao, soda bei mara mbili ya dukani na chakula ukija nacho kinabaki getini kama silaha. Mama alienda na hotpoti ya wali na sato akaambiwa aiache kwa mlinzi, akageuza akarudi nyumbani, na ziwa hilo kachota maji toka akiwa msichana.

Kwa hiyo nendeni Saanane. Asubuhi ndio nzuri, jua la mchana juu ya mawe linakaanga, na wikiendi shule zinakuja kwa mabasi kwa hiyo kama unataka utulivu chagua katikati ya wiki. Habari ya chakula ulizia ofisini kabla ya kuvuka, sisi tulivuka na machungwa na maji tukarudi na maganda yetu. Wenye watoto, washikeni mkono kwenye mawe yanayoteleza karibu na maji. Mhifadhi akimaliza habari za wanyama muombe ya mzee Chawandi, mama yangu alimuuliza mpaka alikuwa analima nini.

Na kama kuna mtu ana babu au bibi aliyekuwepo Mwanza 1958 kipindi kile cha watu wa Geita, aandike hapo chini walikaa kambi sehemu gani hasa, shemeji anaondoka mwisho wa mwezi na mpwa wangu anataka kupaona.