Nguo za Baharini Wakati wa Kusi: Anza na Koti, Sweta Baadaye

Watu wa bara hutucheka tukisema Mombasa kuna baridi. Waache wapande mashua usiku wa Julai, warudi kutoka Mtwapa hadi Bandari ya Kale wakibisha, yaani wakipanda upepo kwa kwenda upande huu na ule. Kwenda ni raha mustarehe, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inakusukuma mgongoni. Kurudi, kila wimbi linalopasuka kwenye omo, mbele ya chombo, linakumwagikia wewe. Maji yenyewe si baridi, yapata nyuzi 25 hivi, lakini upepo ukishapiga nguo iliyolowa, meno yatagongana tu.

Ndiyo maana pesa ya kwanza ni ya koti la mvua, lile zito la mpira wanalovaa wavuvi, pamoja na suruali yake. Kabla ya kulipa, ligeuze utazame mishono kwa ndani. Iliyozibwa kwa utepe haivuji. Iliyoachwa wazi itakuaibisha. Chukua saizi moja zaidi ili sweta ipate nafasi, na rangi iwe ya machungwa au manjano, maana aliyeanguka majini na koti la buluu ni vigumu kumwona. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa juu ya hilo koti, si chini yake.

La pili ni sweta ya sufu, kwa kuwa sufu hutia joto hata ikilowa. Kongowea kwenye mitumba zimejaa tele, ila lebo nyingi zimekatwa. Mimi huomba ruhusa, nachomoa uzi mmoja pindoni, nauwasha kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, rudisha.

La tatu usicheke: jezi kuukuu ya kandanda, ya kuvaa ndani kabisa. Ni polista, hainywi maji, na pengine unayo kabatini. Ongeza kofia ya marvini.

Suti ya wapiga mbizi naiweka ya nne. Inafaa kwenye vidau vya mashindano vinavyopinduka. Kwenye mashua, subiri tu ubanwe na haja ndogo.

Mkiani kabisa ni jinzi, hudi za pamba na yale majaketi yaliyofura manyoya. Nililinunua moja, zuri ajabu. Kufika Nyali lilikuwa limeshakunywa maji, manyoya yote yamejikusanya pindoni kama kuku aliyenyeshewa. Lilikaa kambani siku tatu na bado likanuka banda.