Koti la kuzuia upepo, labda upepo wa Kariakoo

Naanza na zipu. Mengine yatafuata nikipoa.

Koti nililinunua kwenye duka moja la mtandaoni, lipo Kariakoo. Jina sitaji, maana wana shilingi 85,000 zangu na bado nina matumaini ya kijinga kwamba zitarudi. Tangazo lilisema ni koti la waendesha baiskeli, jepesi, "haliingizi upepo hata chembe". Nilitakiwa nijiulize huyu mtu upepo kaujulia wapi. Kariakoo upepo ni wa feni. Mimi naishi Makambako. Watu wa nishati walishakuja huku na vyombo vyao, wakapima, wastani ukatoka mita 8.9 kwa sekunde kwenye urefu wa mita 30. Piga hesabu, ni kama kilomita 32 kwa saa, na huo ni wastani tu, siku mbaya hazijatajwa.

Basi. Tuko wanne, tunajiandaa kwenda Songea kwa baiskeli, karibu kilomita 300, kwa hiyo kila Jumapili tunaongeza urefu. Siku hiyo, kipupwe kimekaza, zamu ilikuwa kwenda Njombe na kurudi, kama kilomita 120. Tulitoka bado giza, ukungu umeshuka hadi taa ya mwenzako wa mbele unaiona kama njiti ya kiberiti. Kwenda Njombe unapanda, na kusi inakupiga usoni na ubavu wa kushoto. Hata sehemu ambayo macho yanakuambia ni tambarare, unakanyaga gia nyepesi kuliko zote na bado mama mwenye ndoo kichwani anakukaribia.

Nikiri: saa ya kwanza koti lilifanya kazi. Kifua kikavu, shingo imefunikwa vizuri, mikono mirefu inafika hadi kwenye glavu. Nilishaanza kutunga moyoni maneno ya kulisifia.

Tulipoipita Mtwango kuna kilima, nikapata joto, nikashusha zipu kidogo. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukiloa jasho wakati wa kupanda, kwenye mteremko litakuganda mwilini. Kufika juu nikaivuta ipande. Vidole vilishakufa ganzi, navuta kwa kukisia. Ikapanda kidogo, ikakwama. Nikavuta tena. Kichwa cha zipu kikabaki mkononi mwangu.

Kichwa kizima! Nilikitazama nisielewe. Meno ya upande mmoja, plastiki tupu, yamepukutika kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Koti likaachia kuanzia chini hadi shingoni, likajaa upepo, nikawa nimevaa tanga la dau. Ukaja mvumo mmoja wa ubavuni, ukanisukuma hadi katikati ya barabara, na nyuma yangu kulikuwa na lori la mbao. Honi ile bado naisikia. Dereva alinitukana hadi akapotea kwenye ukungu, na simlaumu.

Mteremko uliofuata sitausahau. Fulana imeloa jasho, kifua kiko wazi, kasi inaongezeka na baridi inaongezeka nayo. Breki nilikuwa nazibana kwa viganja maana vidole havikunji. Wenzangu walishanitangulia mbali, hakuna aliyegeuka (hilo tumeshalimaliza kwenye kikao).

Nilisimama kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na viazi vya kuchemsha. "Kamwene," nikasalimia, midomo haifungi. Pembeni kulikuwa na kijana wa bodaboda anaota moto. Akaniangalia juu hadi chini.

"Dada, nani kakufundisha kuvaa koti? Geuza."

Nikamwangalia na yeye. Koti lake zito la mtumba kalivaa nyuma mbele, mgongo wa koti uko kifuani, zipu iko kisogoni kwake na wala haijafungwa. Bodaboda wa huku baridi ikikaza wengi wanavaa hivyo, nawaona kila siku, na haikuwahi kunijia akilini kwamba ule ni ufundi.

Nikageuza. Lakini kumbe mtengenezaji, kwa akili zake, ametoboa matundu mgongoni ili jasho litoke, na sasa yale matundu yamenikaa kifuani. Mama akacheka hadi akaweka birika chini. Akavuta salfeti tupu la viazi, akalikata kwa kisu, akanichomekea kifuani kama bibu la mtoto mchanga, halafu akanifunga koti kwa nyuma na kipande cha kamba. Kijana wa boda akanipiga picha kwa simu yangu. Nilipoingiza mkono mfukoni mama akakataa. "Hela ya nini mwanangu, kunywa chai kwanza."

Njombe nikafika, nikarudi, salfeti liko kifuani kilomita zote zilizobaki. Upepo haukupita.

Usiku nikamtumia muuzaji picha ya zipu. Nilitegemea pole, hata ya uongo. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake kuna muziki: "Mpendwa, koti halina shida, shida ni upepo wa huko kwenu."

Mpendwa! Koti la kuzuia upepo limeharibiwa na upepo, na kosa ni la upepo. Ni kama kuuziwa mwavuli halafu unaambiwa tatizo mvua. Nikamwambia nirudishie hela au nibadilishie. "Mzigo ukitoka dukani haurudi mpendwa, na labda ulivuta kwa nguvu." Nilitaka kumpa sifuri, nikakuta hapo pa kuweka nyota hakuna sifuri. Nikampa moja.

Lakini nisiwe mnafiki. Nilipeleka koti kwa fundi cherehani hapa stendi, akang'oa ile takataka, akashona zipu ya chuma aliyoitoa kwenye koti kuukuu la mtumba, akachukua 4,000. Jumapili mbili zilizopita nimelivaa, moja ilikuwa na manyunyu na upepo wa kukata masikio, na kusema kweli kitambaa ni kizuri. Kizuri sana. Sijawahi kuwa na koti linaloniweka mkavu hivi. Hata sasa naandika nimelivaa. Nikafikiria kupandisha ziwe tatu.

Halafu nikakumbuka ile honi. Koti lenye kitambaa cha 80,000 na zipu ya mia tano, mtu angekufa pale. Imerudi moja. Kama muuzaji angesema tu "pole", ingekuwa nne, na huo ndio ujinga wangu.

Juzi kaniandikia tena, eti mpendwa, naomba picha umelivaa niweke kwenye ukurasa wetu, wateja wa Nyanda za Juu wanauliza sana. Nimemtumia ile ya kibandani: koti nyuma mbele, kamba mgongoni, salfeti la viazi limechungulia shingoni. Tiki mbili za bluu, hadi leo hajajibu.