Kozi ya jioni kuhusu chanzo cha uvimbe wa ubongo, Kamalondo, Lubumbashi

Wanafunzi wengi wa udaktari na uuguzi hapa Lubumbashi hukariri kwa Kifaransa majina ya aina za uvimbe wa ubongo, hufaulu mtihani, kisha hubaki hawajui uvimbe wenyewe huanzaje. Kozi hii, inayofundishwa kwa Kiswahili, imeliziba pengo hilo, nami naipendekeza kwa moyo wote.

Sehemu iliyo bora kabisa ni ile ya meduloblastoma, uvimbe unaowapata zaidi watoto. Mwalimu alianza na seli changa za serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo), ambazo protini iitwayo Sonic hedgehog huziamuru zigawanyike wakati ubongo unapokua. Ishara hiyo isipokuwepo, kipokezi PTCH1, yaani protini inayoipokea ishara hiyo, huizuia protini SMO, ambayo huisukuma seli igawanyike. Ikifika, kizuizi huondoka na seli huongezeka, na ikipungua, seli hukomaa na kuwa seli za neva. Jeni ya PTCH1 ikiharibika, SMO hubaki huru hata pasipo ishara yoyote, na seli iliyopaswa kukomaa huendelea kuzaana. Mwalimu alitutaka tuseme kitakachofuata kabla hajachora kila mshale ubaoni, na ndipo nilipoelewa kwa nini dawa inayoizuia SMO haifai kitu iwapo hitilafu iko katika hatua zinazofuata baada ya SMO. Alisisitiza pia, na nilimshukuru kwa hilo, kwamba njia hii inahusu kundi moja tu kati ya makundi makuu manne ya meduloblastoma.

Glioblastoma ya watu wazima, uvimbe mkali wa ubongo, ilipitiwa kwa haraka mno. Kipokezi EGFR (huchochea seli kugawanyika) kinachozidi na jeni ya PTEN (huzuia seli kuongezeka) inayopotea vilitajwa tu. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2018, uliokuta kwa baadhi ya wagonjwa mabadiliko yaleyale ya jeni katika eneo la seli shina (seli zinazozaa seli nyingine) kando ya vyumba vya maji ya ubongo, mbali na uvimbe wenyewe, ulipewa sentensi moja, ilhali ulistahili jioni nzima, kwa kuwa unadokeza kwamba huenda uvimbe huanzia huko.

Fotokopi zilikuwa hafifu, na baadhi ya michoro haikusomeka. Ni afadhali kuja na daftari kubwa. Anayejiandikisha awe amekwisha kusoma jinsi seli inavyogawanyika, kwa kuwa mwalimu hairudii mada hiyo.