Kocha wa WhatsApp kwa fulu ya Kili Marathon: maoni yangu baada ya kumlipa

Naulizwa sana inbox kuhusu kocha ninayefanya nae mazoezi ya fulu ya Moshi, yaani zile kilomita 42 nzima, basi naandika hapa kila mtu asome. Jina lake silitaji maana yapo ya kumlalamikia pia na hayo nimeshamwambia mwenyewe.

Ambao hamjakimbia fulu ya Kili, ile njia ina ujanja wake. Mnatoka uwanja wa Ushirika asubuhi na mapema, nusu ya kwanza mko barabara kuu ya kuelekea Dar, unaenda na kurudi miguu myepesi kabisa, halafu jua likishakolea ndo mnaanza kupandishwa Mweka, huko kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na ukimaliza kupanda kuna kushuka, na mapaja yanaumia kule kuliko hata kwenye kupanda. Mimi pale Mweka nimetembea miaka yote niliyokwenda. Kuna mwaka mama mmoja alisimama na ndoo akanimwagia maji kichwani akasema "pole baba, nenda tu", nilishindwa hata kumwambia asante. Inauma sana ukikumbuka miezi uliyoamka saa kumi usiku.

Nilitaka kuacha kabisa, Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathon, ndo kanirudisha. Mtu ana shaba ya mashindano ya dunia ya London 2017, anakuja kuchukua dhahabu Tokyo 2025, miaka minane baadae, tena kamaliza muda uleule na Petros wa Ujerumani, 2:09:48 wote wawili, mpaka picha ya mstari wa kumalizia ndo ikaamua. Nikasema na mimi narudi Mweka.

Sasa huyu kocha, elfu sitini kwa mwezi, programu ya wiki 16. Kabla hajanitumia chochote aliuliza natoka kazini saa ngapi, nalala saa ngapi, karibu na kwangu kuna mlima gani. Programu za bure za kwenye simu nilizotumia zamani hazikuwahi kuuliza, zinakupangia kama unaishi sehemu tambarare yenye baridi, wakati Dar mwezi wa kwanza saa moja asubuhi ushaloa chapachapa.

Wiki za mwanzo ni taratibu tu. Sheria yake uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema, na haamini maneno, anataka urekodi vois hukohuko unakokimbia umtumie asikie. Nilituma moja nikiwa Daraja la Tanzanite upepo unavuma, akajibu "nakusikia unameza hewa, punguza". Ile ndo huduma nailipia kwa moyo mmoja. Baadae ikaja milima, Alhamisi kupanda na kushuka pale Mlimani Chuo, na kushuka anakufundisha kabisa, hatua fupifupi za harakaharaka, usikaze miguu kama breki. Na kula. Wanga uliotunzwa mwilini wengi unawaishia kilomita ya 30 na kitu, ndo pale miguu inagoma, kwa hiyo anakuzoesha kula mapema ukiwa bado una nguvu, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, jeli za wakimbiaji kama unazimudu, kama huzimudu tende na maji ya sukari yenye chumvi kidogo. Jumapili iliyopita nimepiga kilomita 32 kule Pugu na vilima vyake vyote na nimemaliza nakimbia, ukweli machozi yalinilenga.

Mabaya yake sasa. Kajaza watu wengi mno kwenye grupu, nimeumwa ugoko nikamwandikia akajibu siku ya tatu, na jibu lenyewe "pumzika", ikabidi nitafute mtu wa fiziotherapia kwa hela yangu. Video za mazoezi ya nguvu zinakula bando na kazirekodi gizani huoni goti linapinda wapi. Halafu ukikosa wiki moja ratiba haisogezi, mnaendelea palepale wenzako walipofika, kwa mtu wa shifti hiyo ni shida kubwa.

Kwa fulu yenye milima nampa nne kati ya tano. Kama ndo mara yako ya kwanza na unataka hafu tu, ile ya kilomita 21, hela hiyo kanunue raba nzuri kwanza. Na ukimlipa, mwambie mapema unataka vois zako zijibiwe siku hiyohiyo, mimi nilibana hilo mwezi wangu wa pili nae na toka hapo ananijibu kabla sijafika nyumbani.