Seti ya kwanza ya gofu hapa Mombasa: ipi ununue, ipi uwache, na imani gani nishazitupa

Hii orodha naipanga kwa mtu anayeanza gofu hapa Mombasa, awe atacheza pale Mombasa Golf Club upande wa Mama Ngina au Nyali, au siku moja moja avuke feri Likoni aende Diani, na pesa anayo ya kununua mara moja tu, sio kila mwaka. Zamani ungeniuliza ningekupangia kinyume kabisa, draiva mpya (ile fimbo ndefu ya kupigia mbali) juu, mitumba chini, shafti (mipini) za chuma ndio za wanaume na mengine yote ya watoto. Saa hii sisemi hivyo tena na nitaeleza kwa nini kila mahali tutakapofika.

NAMBA MOJA: nusu seti ya mtumba

Ndio, nusu, na ndio, mtumba. Sheria ya gofu inasema usizidi fimbo 14 kwenye begi, haisemi popote lazima uwe nazo 14. Aioni ni zile fimbo za kichwa cha chuma, namba ikipanda mpira unaenda karibu zaidi; mtu anayeanza akipiga aioni 6 halafu apige aioni 7 mipira inaangukia palepale, sasa ya nini kubeba zote na kumlipa kedi abebe uzito wa bure? Tafuta haibridi moja (iko kati ya draiva na aioni), aioni 6, 8, weji ya kawaida na weji ya mchanga (za mipira mifupi ya juu), na pata ya kusukumia mpira kwenye grini, pale penye shimo. Basi. Ukishajua mpira wako unafika wapi ndio uongeze.

Aina ya aioni ni zile zilizochimbwa mgongoni, uzito umesukumwa pembeni. Aliyelifanya jambo hili lishike kweli ni Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric ambaye alianza na pata za kutengeneza nyumbani kwake mwisho wa miaka ya 1950 na mwaka 1966 akatoa ile pata ya Ping Anser ambayo mpaka leo kila kampuni inaiga umbo lake. Wazo ni kwamba uzito ukiwa kwenye ncha na kwenye kisigino, ukikosa katikati kichwa hakizunguki sana mkononi. Hilo halijazeeka, kwa hivyo seti ya miaka kumi na tano iliyopita yenye hali nzuri inakusaidia karibu sawa na ya mwaka huu, na bei huwezi kulinganisha. Wazuri wa kuwauliza ni pro (mwalimu) wa klabu, makedi wakongwe, na wanachama wanaobadilisha seti au wageni wanaorudi kwao, hao wanauza vitu vilivyochezwa kidogo sana.

Sasa shafti. Hapa ndipo nimegeuka kuliko mahali pengine pote. Tumezoea kusikia shafti ya grafaiti (nyuzi za kaboni, nyepesi) ni ya wanawake na wazee, mwanamume apige chuma, tena kile kigumu. Kwanza ugumu wenyewe hauna kipimo kimoja cha kampuni zote, "regyula" (ya kawaida) ya huyu inaweza kuwa ngumu kama "stifu" (ngumu) ya yule, kwa hivyo herufi iliyoandikwa pale isikutie kiburi. Watu wengi wakipima wanakuta wanazungusha draiva chini ya maili 95 kwa saa, na hapo regyula inawatosha sana. Pili, na hili ni letu sisi wa Pwani, chuma kinakaa na chumvi ya bahari mchana na usiku. Nje kuna kromu inalinda, lakini ikichubuka, au maji yakiingia ndani ya bomba, kutu inakula polepole na huioni mpaka siku shafti inakatika. Grafaiti haishiki kutu. Mtu wa Nairobi anaweza kupuuza hilo, wewe wa Mombasa usipuuze.

Ukienda kukagua, tikisa kichwa cha fimbo karibu na sikio, kikitoa mlio kuna gundi imeachia. Angalia pale shafti inapoingia kichwani, hapo ndipo kutu huanza. Ilaze uione kwa urefu wake kama imepinda. Gripu (pale pa kushikia) zikiwa zinang'aa na ngumu usikatae fimbo kwa hilo, gripu zinabadilishwa, ila punguza bei. Tena ukishazinunua usiziache kwenye buti ya gari juani, joto la huku linaumiza gripu na gundi vilevile, na ukitoka uwanjani futa kila kichwa kwa kitambaa kikavu hata kama umechoka vipi.

NAMBA MBILI: seti mpya ya boksi

Ile inakuja na begi na kila kitu ndani. Sio mbaya hata kidogo, na kama huna mtu wa kukukagulia mtumba basi afadhali hii. Mara nyingi draiva na haibridi zina grafaiti lakini aioni zina chuma, uliza kabla. Shida yake kubwa ni pata, nyingi zinatengenezwa kujaza boksi tu, kwa hivyo weka akiba ununue pata nyingine ya mtumba. Pata ndio fimbo utakayoishika karibu kila shimo, halafu hiyo ndio watu wanaibania pesa, sijui kwa nini.

NAMBA TATU: aioni mpya za kisasa, seti kamili

Hapa sasa kuna mchezo. Mtu anatoka dukani anasema ndugu yangu hii aioni 7 mpya inafika mbali kuliko ile ya zamani kwa yadi kumi na tano! Kweli inafika. Lakini geuza uangalie uso wake umelala kiasi gani. Aioni 7 za miaka ya 80 na 90 zilikuwa na nyuzi kama 34 au 35, nyingi za leo ni 28 mpaka 30. Yaani umepewa kama aioni 5 ya zamani imeandikwa 7. Kusema haki uzito nao umepangwa ili mpira upande juu vizuri, kwa hivyo sio ulaghai, ila ile imani ya kwamba tekinolojia mpya ndio imekuongezea nguvu zote hizo, hiyo nishaitupa. Na kuna gharama: weji ya kawaida ya seti hizi iko nyuzi 43 au 44, kutoka hapo mpaka weji ya mchanga ya 56 pana pengo kubwa, utarudi dukani kununua nyingine ya kuziba.

Na wabara mkishuka likizo msikimbilie kulaumu fimbo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, mpira wa yadi 150 kule huku unaweza kufika yadi 140 hivi. Watu wanasema ni unyevu wa bahari unaufanya mpira uwe mzito hewani, lakini hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu, kwa hivyo unyevu hauna hatia. Ni mwinuko, na upepo. Kusi ikivuma usoni pale kando ya bahari hata seti ya milioni haikusaidii, chukua fimbo ya kufika mbali zaidi kwa hatua mbili upige polepole.

NAMBA NNE: bleidi (aioni zisizochimbwa mgongoni) za bei ya kutupa

Nyembamba, nzuri machoni, na kwa sababu hakuna anayezitaka bei iko chini. Nyingi ni chuma laini, kromu ikiisha zinashika kutu huku Pwani kwa kasi. Wacha.

NAMBA TANO: draiva mpya kabla ya kitu kingine chochote

Kila anayeanza anaitaka hii kwanza. R&A na USGA, wanaotunga sheria za gofu, waliweka kikomo cha uso wa draiva kurusha mpira, na kichwa kisizidi sentimita za ujazo 460, na kampuni zilifika kwenye hizo kuta kitambo. Ukipiga katikati kabisa, ya miaka kumi nyuma na ya leo hazipishani sana, ya leo inakusamehe zaidi ukikosa katikati tu. Kwa pesa hiyo unapata nusu seti, gripu mpya na masomo kadhaa kwa pro. Kama bei ni ya chini kiasi cha kukushangaza, ujue kuna feki nyingi, angalia namba ya utambulisho (serial number) shingoni mwa fimbo na rangi iliyojazwa kwenye maandishi kama imemwagika nje.

Mipira: Pro V1 ni mpira mzuri sana na kwao Marekani dazeni inazidi dola 50, lakini kama unapoteza minne kwa raundi nunua ya kuokotwa kutoka kwa makedi, iliyokwaruzwa sana weka kando. Glavu chukua mbili za sintetiki ubadilishe katikati ya raundi, maana ya ngozi ikilowa jasho la Machi halafu ikakauka inakuwa ngumu, haivaliki tena.