Jiwe la volkeno na jiwe la chokaa: uzoefu wangu kwenye nyumba ya Tanga

Anayejenga Tanga na kutaka sakafu ya mawe asianze kwa kuuliza lipi zuri. Aanze kwa kuuliza litakaa wapi. Kwetu Mikanjuni baraza tumeitandika jiwe la chokaa la huku huku Tanga, na ngazi pamoja na uani, tunapoparia samaki na kukamua ndimu, tumeweka jiwe jeusi la volkeno lililoletwa kutoka upande wa Moshi. Yote mawili yameshapigwa na masika na kuchomwa na jua la kaskazi.

La chokaa nalipenda waziwazi. Rangi yake ni ya maziwa yaliyoungua kidogo, na saa saba mchana, jua limesimama kichwani, bado unakaa barazani miguu peku. Ni jiwe la mashapo: lilijengeka chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, kutokana na makombe na mabaki ya viumbe. Mapango ya Amboni, mwendo wa kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, yamo ndani ya mwamba wa aina hiyo wa kipindi cha Jurasiki, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 150. Chokaa hiyo ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Kwa hiyo halisafiri mbali, na gharama ya lori ni ndogo.

Lakini asidi hulila. Maji ya mvua yakishachukua hewa ukaa angani na kwenye udongo huwa na uchachu kidogo, na uchachu huo, kwa muda mrefu sana, ndio uliochimba Amboni. Ndimu ina nguvu kuliko hayo. Fundi wetu alichukua kipande, akakikwaruza kwa msumari mpaka ukatoka unga, akakamulia ndimu juu yake. Povu likachemka. "Mama, hili usiliweke jikoni," akasema, na pale pale nikakubali. Jiwe jeusi tulilikamulia ndimu ile ile, likatulia tuli. Jaribio hili lifanyeni dukani kabla ya kutoa hela. Msumari wenyewe unatosha kukuonyesha tofauti: kwenye chokaa unaacha mchoro mweupe, kwenye basalti, yaani hilo jeusi la volkeno, unateleza.

Basalti ni lava iliyopoa. Inatoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 1,000 hadi 1,200 za Selsiasi, ikipoa haraka chembe zake zinabaki ndogo sana na zinashikana, ndiyo maana ni ngumu na nzito. Fundi alilalamikia disko za kukatia, zilikuwa zinaisha upesi. Kwa ngazi sijaona jiwe linaloizidi: vile vitundu vilivyoachwa na gesi wakati lava inapoa vinashika unyayo hata mvua ikimwagika. Uani vitundu hivyo hivyo ni adha, maana magamba ya samaki yanaingia na kunasa, na usiposugua kwa brashi ngumu harufu inakaa. Kwa sehemu ya kuparia samaki chagueni vipande vilivyokaza, visivyo na vitundu. Na ukiwa huna kivuli, mchana lile jeusi halikanyagiki bila ndara.

Jambo moja la kuangalia sana. Ukiambiwa jiwe la volkeno limetoka Usambara, kataa. Milima ya Usambara si ya volkeno, mawe yake ni miamba geuzi, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi, na mara nyingi utaona ndani yake mistari ya rangi nyepesi na nyeusi. Ni mawe imara, sina ugomvi nayo, ila usilipie nauli ya Moshi kwa jiwe la Lushoto.

Kwa walio karibu kabisa na maji, kama Raskazone, chokaa tupu ukutani ningeiogopa kidogo. Chumvi ya upepo wa bahari huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, ikikauka inatanuka na kulimenya. Wazee wetu walilijua hilo: magofu ya Tongoni yalijengwa kwa matumbawe, nayo ni jamaa wa jiwe la chokaa, na kuta zao walizipiga lipu ya chokaa. Kuta kadhaa bado zimesimama baada ya karne nyingi.

Tukijaaliwa kuongeza bafu la wageni, sakafu itakuwa ya volkeno na ukuta wa chokaa, isipokuwa upande wa choo na bomba, ambako nitapandisha lile jeusi hadi kiunoni, kwa sababu dawa nyingi za kusafishia vyoo ni asidi.